Siku mbili milimani Rumanyika: Mambo ya kuweka sawa kabla baba na mama hawajafunga kamba za viatu

Ukiwauliza wanandoa wengi wenye watoto wadogo mara ya mwisho walisafiri pamoja lini, majibu hufanana: tulikwenda kwenye msiba, tulikwenda kwenye harusi ya ndugu, au tulimpeleka mtoto hospitali Bukoba. Safari ya wawili tu, bila mtoto mgongoni na bila ndugu wa kufikia, huonekana jambo la wageni wenye kamera au la watu wa mjini wenye fedha ya ziada.

Lakini kwa wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, milima ya kutembea iko jirani kabisa na migomba yao. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba mkoani Kagera yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Miongoni mwake ni Rumanyika-Karagwe, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 247, na Ibanda-Kyerwa, inayokaribia kilomita za mraba 300.

Kwa wazazi, matembezi ya siku mbili katika milima hiyo yanaweza kuwa tiba nafuu ya mambo mawili yanayozeesha nyumba nyingi taratibu: mwili usiofanya mazoezi na ndoa iliyobaki na mazungumzo ya ada, dawa na sukari imekwisha. Yanaweza pia kuwa chanzo cha matatizo kama yatafanywa kwa kukurupuka. Tofauti kati ya hayo mawili hutokana na maandalizi ya wiki chache kabla.

Hifadhi zenyewe zikoje

Rumanyika-Karagwe ni nchi ya vilima na mabonde yenye misitu, kwenye nyanda za juu zinazopita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Imepewa jina la Mtawala Rumanyika Orugundu wa Karagwe, aliyetawala karne ya 19 kutoka makao yake ya Bweranyange. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na baridi yake humshangaza mtu aliyetoka Mwanza au Dar es Salaam na fulana moja.

Ibanda-Kyerwa iko kaskazini magharibi zaidi, kwenye kona ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Uganda, na Mto Kagera ndio mpaka. Ng'ambo ya mto upande wa Rwanda iko Hifadhi ya Akagera. Humo Ibanda ardhi ina mbuga za nyasi na vilima, na mtoni wamo viboko na mamba.

Anayetoka Bukoba hufika Karagwe kwa barabara ya lami kupitia Kyaka hadi Bugene, jirani na Kayanga. Kutoka hapo, sehemu za kuelekea hifadhini ni barabara za vumbi ambazo wakati wa mvua hugeuka tope jekundu. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu zaidi. Januari na Februari mvua hupungua pia. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, njia za mlimani huteleza na nyasi huwa ndefu.

Jambo moja la kuwatoa hofu wanaoanza: ugonjwa wa mwinuko unaowasumbua wapandaji wa Kilimanjaro haupo hapa. Ugonjwa huo kwa kawaida huanza kuanzia takriban mita 2,500 kwenda juu. Mtu akihema sana kwenye kilima cha Karagwe, asisingizie hewa. Aangalie moyo wake, mapafu yake, uzito wake au uvivu wake.

Kilima ni kipimo

Chukua mfano wa wanandoa wanaofanana na wengi. Baba ana miaka 41, ananunua kahawa Omurushaka na siku nzima yuko juu ya pikipiki. Mama ana miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi, na akirudi nyumbani anaanza zamu ya pili ya jikoni na madaftari. Wana watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa na mdogo ana mwaka na nusu.

Ukimuuliza baba huyu kuhusu afya yake atasema yuko fiti, kwa sababu hajalazwa tangu akiwa kijana. Ukweli ni kwamba hajawahi kuwekewa mkanda wa kupima presha mkononi. Mama amepimwa mara nyingi, kwa sababu kliniki ya wajawazito humpima kila mama anayehudhuria. Hapo ndipo tofauti kubwa ya afya ndani ya nyumba nyingi ilipo: mwanamke anajulikana na zahanati, mwanamume hajulikani.

Presha ya kupanda haina maumivu. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akifanya kazi, kumbe moyo na figo vinachoka. Kisukari cha ukubwani nacho huanza kimyakimya. Dakika 20 za kupanda kilima humlazimisha moyo kufanya kazi ambayo pikipiki haijawahi kumpa, na kasoro iliyofichika inaweza kujitokeza pale pale, mbali na hospitali.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hiyo ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano za wiki. Mazoezi ya namna hiyo husaidia kushusha presha, kurekebisha sukari, kupunguza msongo wa mawazo na kuboresha usingizi.

Siku mbili za mlimani haziwezi kulipa deni la mwaka mzima. Faida kubwa ya safari hii iko kwenye wiki sita kabla yake, wakati wawili hawa wanapolazimika kuamka na kutembea ili wasiaibike mbele ya askari wa hifadhi.

Pimeni wote wawili

Hatua ya kwanza ni kwenda zahanati au kituo cha afya pamoja, baba na mama siku moja. Mpimwe presha, sukari na uzito. Presha ikionekana kufika 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe siku nyingine na ushauri wa daktari ufuatwe. Ikifika 180 kwa 110, safari iahirishwe na matibabu yaanze. Mlima upo, hautahama.

Mwenye pumu asiondoke bila dawa yake ya kuvuta. Anayetumia dawa za presha, kisukari, kifafa au za kufubaza virusi vya Ukimwi abebe dozi za siku mbili zaidi ya alizohitaji, kwa sababu mvua moja inaweza kumchelewesha njiani. Mwenye sikoseli azungumze na daktari wake kwanza, maana uchovu mkali, baridi na upungufu wa maji vinaweza kumwamshia maumivu.

Mama mjamzito ambaye mimba yake haina shida anaweza kutembea, na kutembea kunamfaa. Lakini kupanda miteremko inayoteleza saa kadhaa kutoka hospitali ni jambo jingine, hasa miezi ya mwisho. Kwa mwenye historia ya kutoka damu, kifafa cha mimba au uchungu wa mapema, jibu ni hapana.

Kisha anzeni mazoezi. Wiki ya kwanza na ya pili, nusu saa ya njia tambarare. Wiki ya tatu na ya nne, tafuteni kilima cha jirani, Karagwe havikosekani. Wiki ya tano na ya sita, pandeni mkiwa na begi lenye maji na chakula, kwa saa mbili. Kipimo rahisi cha mwendo ni mazungumzo: ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, kasi inakufaa. Ukishindwa kumaliza hata salamu, punguza.

Watoto wanabaki na nani?

Swali hili ndilo linaloua safari nyingi kabla hazijazaliwa, na lina haki ya kuulizwa.

Kama kuna mtoto aliye chini ya miezi sita anayenyonya maziwa ya mama pekee, safari ya kulala nje isubiri. Fanyeni matembezi ya saa mbili karibu na nyumbani. Mtoto aliyekwisha kuanza vyakula vingine anaweza kubaki na bibi au shangazi aliyemzoea. Mama anayeendelea kunyonyesha ajue kwamba maziwa yatajaa, hivyo akamue kwa mkono mara kadhaa kwa siku ili matiti yasivimbe na kuuma. Maziwa aliyokamua na kuyaacha nyumbani yasikae nje zaidi ya saa nne. Kwenye jokofu yanadumu hadi siku nne.

Anayebaki na watoto asiachiwe funguo tu. Aachiwe kadi za kliniki, kadi za bima kama zipo, fedha ya bodaboda hadi kituo cha afya, na namba za simu za jirani anayeaminika. Aambiwe waziwazi kwamba mtoto akipata homa asisubiri wazazi warudi.

Sababu ya msisitizo huu ni malaria. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022, asilimia 8 ya watoto wa umri wa chini ya miaka mitano waliopimwa nchini walikutwa na malaria. Kwa mkoa wa Kagera kiwango kilikuwa asilimia 18. Katika mkoa huu, homa ya mtoto inahitaji kipimo ndani ya saa 24.

Dalili zinazotaka mtoto akimbizwe hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane, ni hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Ziandikeni kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Bibi ambaye amelea watoto saba huenda akacheka, lakini karatasi hiyo inampa idhini ya kuchukua hatua bila kungoja simu ya baba.

Na watoto wakubwa waambiwe ukweli. Kutoroka alfajiri wakiwa wamelala huwafanya wakae na hofu kila wazazi wanapotoka. Mwambieni mtoto mnakwenda wapi, mtalala mara moja, na mtarudi siku gani. Kisha rudini siku hiyo.

Mama asiwe jiko linalotembea

Kuna safari za mapumziko ambazo mama hurudi amechoka kuliko alivyoondoka. Amepika chakula cha njiani usiku, amefunga mizigo ya watu wawili, amepanga nguo za watoto za siku mbili, na huko mlimani ndiye anayekumbuka dawa ya mbu iko mfuko gani.

Kugawana kazi kuanze nyumbani. Baba apewe jukumu kamili na si la kusaidia: kwa mfano usafiri, malipo na mawasiliano na ofisi ya hifadhi, maji, na vifaa vya huduma ya kwanza. Mama achague yale anayotaka kuyabeba yeye. Kama baba atasahau kitu, wote wakikose pamoja, mama asikibebe kwa siri.

Kwa chakula hakuna haja ya makopo ya dukani. Mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, mihogo au viazi vya kuchemsha na parachichi vinatosha, na vyote vinapatikana gulioni. Kila mtu ahesabu nusu lita ya maji kwa kila saa ya kutembea, na zaidi jua likiwa kali. Pakiti mbili za ORS ni nyepesi na zinaweza kumwokoa mtu akiharisha au akiishiwa maji. Pombe, iwe rubisi au konyagi, isubiri mteremko uishe na usiku ufike. Mtu aliyelewa kidogo hukosea kukanyaga, na kichwa cha asubuhi hakipandi mlima.

Kitu kingine kisahaulike kwa shida: vidonge vya uzazi wa mpango, kwa anayevitumia, au kondomu. Wauguzi wa kliniki wanajua kwamba watoto wengi wasiopangwa walianza na mapumziko mazuri.

Mguu wa Grant

Karagwe ina kumbukumbu ya zamani kuhusu mgeni aliyeshindwa kutembea. Novemba 1861, wasafiri wa Uingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Rumanyika wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mtawala aliwapokea vizuri. Lakini Grant alipata ugonjwa mbaya wa mguu, ukavimba na kutunga usaha. Januari 1862 Speke aliendelea na safari ya Buganda na kumwacha mwenzake Karagwe. Grant alikaa miezi akiuguza mguu huo, na alipoondoka Aprili alibebwa kwenye machela.

Enzi zile hapakuwa na dawa za kuua bakteria. Leo zipo, lakini miguu ya wasafiri bado huharibika kwa sababu zile zile: jeraha dogo lililopuuzwa, uchafu na kuendelea kutembea huku unaumia.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kwa sababu kwenye kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu na kucha ndefu hung'oka. Vaa kiatu ulichokwisha kukizoea, chenye soli ya meno. Kiatu kipya cha mnadani kilichonunuliwa jana yake ni malengelenge ya kesho. Ndala na mabuti ya plastiki ya shambani vyote havifai kwa mwendo mrefu. Soksi ziwe jozi mbili, moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Ukihisi sehemu ya mguu inawaka, simama hapo hapo, vua kiatu, kausha na weka plasta. Lengelenge likishatokea usilipasue. Likipasuka lenyewe, lioshe kwa maji safi na sabuni, lifunike, na uliangalie kila siku. Wekundu unaotambaa, joto, usaha au homa ni safari ya kituo cha afya. Mwenye kisukari awe makini mara mbili, maana anaweza asisikie maumivu.

Magoti huumia wakati wa kushuka kuliko kupanda. Tembea hatua fupi, kunja magoti kidogo, na tumia fimbo. Maumivu ya misuli ya mapaja yatafika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha yataondoka yenyewe.

Wanyama, mbung'o na mapango

Hifadhi ya taifa si shamba la jirani. Rumanyika wamo tembo, nyati na chui. Matembezi ya miguu hufanywa na askari wa uhifadhi mwenye silaha, baada ya kulipia kibali. Wasilianeni na ofisi ya hifadhi mapema, muulize viingilio, njia zilizo wazi, mahali pa kulala na masharti ya umri kama mnafikiria siku nyingine kuja na watoto. Askari akisema simameni, mnasimama. Hapo mume hana cha kuonyesha ushujaa.

Mkiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye na msifunge kamba kwa nguvu. Vueni pete na viatu upande huo, mguu au mkono usitikisike, na mgonjwa abebwe hadi hospitali.

Mbung'o huuma mchana, na hata kupitia nguo nyepesi. Huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo nguo za kaki, za mikono mirefu, ndizo zinazofaa. Baadhi yao hubeba vimelea vya malale. Kupe hukaa kwenye nyasi, hivyo suruali iingizwe ndani ya soksi, na jioni mkaguane mwilini, nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Usiku lala ndani ya chandarua chenye dawa. Msioge wala kuogelea mtoni na kwenye madimbwi: kuna viboko na mamba, na maji yaliyotulia katika Kanda ya Ziwa yanaweza kuwa na kichocho.

Na msiingie mapangoni. Kagera imepata mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mara mbili: wa kwanza ulitangazwa Machi 2023 wilayani Bukoba, wa pili Januari 2025 wilayani Biharamulo. Milipuko yote miwili ilikwisha kutangazwa kumalizika. Lakini virusi hivyo huishi ndani ya aina ya popo wala matunda wanaokaa mapangoni na kwenye machimbo, na Kyerwa ni eneo la machimbo ya bati ya tangu enzi za ukoloni. Msiguse popo, wala msiokote mzoga wa nyani au mnyama yeyote, wala msile tunda lililong'atwa.

Majimoto ya Mtagata

Wengi wakifika Kyerwa hupenda kupitia majimoto ya Mtagata. Sifa yake si ya leo. Henry Morton Stanley aliyatembelea mwaka 1876, na tayari yalikuwa yanajulikana kama mahali pa tiba.

Maji ya moto yanasaidia kulegeza misuli iliyochoka na kupunguza maumivu ya viungo kwa muda. Kwa wanandoa waliotoka mlimani, kukaa pembeni ya chemchemi na kulowesha miguu ni starehe halali. Pima joto kwa kiganja kwanza, na usikae muda mrefu. Mjamzito, mwenye presha isiyodhibitiwa na mwenye kidonda kibichi wakae pembeni.

Ambalo maji hayo hayafanyi ni kuua malaria, kushusha sukari au kuondoa virusi vya Ukimwi. Familia imewahi kumpoteza mtu kwa kuacha vidonge baada ya kujisikia nafuu, na hiyo hutokea popote penye tiba inayosifiwa. Ogeni, furahini, kisha mmeze dawa zenu jioni kama kawaida.

Mazungumzo ya njiani

Wanandoa wanapokaa kuzungumza ana kwa ana nyumbani, mara nyingi huwa kuna kesi. Ada imepungua, mjomba amekopa, mtoto amefeli. Kwenye njia ya mlimani watu hutembea bega kwa bega au mmoja nyuma ya mwingine, macho yakiwa mbele. Maneno magumu hutoka kwa urahisi zaidi pale ambapo hakuna anayekutazama usoni, na kimya kikija, kilima kinakijaza.

Hapo ndipo mama anaweza kusema kwamba tangu ajifungue analia bila sababu, hana hamu ya chakula wala ya mtoto. Hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya uzazi, ugonjwa unaotibika, na hatua inayofuata ni kliniki. Hapo baba anaweza kukiri kwamba anaamka usiku akihesabu madeni ya kahawa. Mwenzake akisikia hivyo, asikimbilie kutoa hukumu. Akubali kwanza kwamba amesikia.

Kubalianeni jambo moja kuhusu simu: moja izimwe, moja ibaki wazi kwa ajili ya nyumbani, na ipigwe kwa saa maalumu, asubuhi na jioni. Mkiwa karibu na mpaka, laini inaweza kudaka mtandao wa Rwanda au Uganda na kula salio, kwa hiyo chagueni mtandao wenu wenyewe kwenye mipangilio kabla hamjafika.

Mmoja akichoka, wote wapumzike. Mwendo wa wawili ni mwendo wa yule anayetembea polepole. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuona giza au kuhema kusikoisha baada ya kupumzika dakika kumi, maana yake safari imekwisha: mwambieni askari, mshuke. Baba mwenye miaka 41 ambaye anageuza safari akiwa nusu ya kilima na kesho yake anakwenda kupimwa moyo, amefanya jambo kubwa kuliko aliyefika juu.

Mkirudi nyumbani

Homa ikitokea siku ile ile mliyorudi, haitokani na mbu wa hifadhini, kwa kuwa malaria huchukua angalau siku saba kujitokeza tangu mtu aumwe. Huenda mliondoka nayo nyumbani. Pimeni, msibahatishe dozi. Kwa wiki tatu zinazofuata, homa yoyote, kidonda mahali mlipoumwa na mdudu, kuharisha au kutokwa na damu, nendeni kituo cha afya na mseme mapema kwamba mlikuwa hifadhini. Neno hilo moja humsaidia mhudumu kufikiria zaidi ya malaria.

Tazameni pia nyumba ilivyokaa bila ninyi. Watoto wamekula, wamelala, bibi ana hadithi za kusimulia. Wazazi wengi hugundua kwa mara ya kwanza kwamba nyumba inaweza kusimama siku mbili bila wao, na wazo hilo peke yake hupunguza mzigo.

Kisha msiache viatu vikauke kabisani. Jumamosi inayofuata, kabla jua halijawa kali, tokeni tena nusu saa kwenye njia ya migombani, safari hii na watoto. Mtoto wa miaka mitano hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mfano anaouamini ni ule anaouona kwa baba na mama.